Kulea Vifaranga vya Diskasi kwa Maji ya Kigoma

Shikamooni wazee wangu. Vijana, hamjambo.

Nianze na vifaranga arobaini niliowaua mwenyewe. Walikuwa diskasi, samaki wa mapambo wa kufugwa kwenye tangi la kioo, wa wiki tano, kila mmoja kama sarafu. Usiku niliwamwagia chakula tele ili washibe mpaka kuche. Kulipokucha nikawakuta wamelala ubavu, matamvua yanapwita. Kwa muda mrefu niliamini ni ugonjwa. Ilikuwa sumu, na aliyeiweka ni mimi.

Kwao diskasi ni bonde la Mto Amazon, kwenye maji laini, ya uvuguvugu, yenye tindikali kidogo. Ni wa ukoo mmoja na sato na kuhe wetu. Ila Ziwa Tanganyika lina maji yenye madini mengi, na pH yake, yaani kipimo cha tindikali ambacho hupanda tindikali ikipungua, inakaribia 9. Sasa sikilizeni hapa, maana ndipo msiba wangu ulipotoka. Mavi ya samaki na chakula kinachooza hutoa amonia. Maji yakiwa pH 7, chini ya asilimia 1 tu ya amonia hiyo huwa katika hali ya sumu kali. Yakifika pH 9, ni zaidi ya theluthi moja. Joto nalo huchochea, na diskasi mchanga anataka nyuzi 28 hadi 30. Makombo yale yale ambayo kwa mfugaji mwenye maji laini ni uchafu tu, kwetu yanaua.

Kwa hiyo nakinga mvua. Zile za kwanza naziacha zioshe bati, ndipo naweka pipa. Mvua tupu pia ina hatari, haina madini ya kuishika pH isiporomoke, basi nachanganya ndoo tatu za mvua na moja ya ziwa. Mwenye maji ya bomba ayaache wazi siku nzima klorini itoke.

Chakula cha kwanza hukitoi wewe. Wakishaanza kuogelea, vifaranga hujibandika ubavuni mwa wazazi wao na kula ute wa ngozi. Mama akichoka, hujitikisa ghafla akachomoka, na wingu lote la watoto likahamia kwa baba. Nimekaa mbele ya kioo saa nzima nikiwatazama wakipokezana hivyo, na bado sijachoka kulitazama jambo hilo. Msiwatenganishe mapema. Hata taa msiizime kabisa usiku siku zile za mwanzo, watoto wasije wakawapoteza wazazi.

Baada ya siku nne au tano anza atemia wachanga, vijidudu vya maji ya chumvi jamii ya uduvi. Mayai yake huanguliwa kwenye maji ya chumvi yenye pampu ya hewa, kama siku moja hivi. Wasuuze kwanza kwa maji yasiyo na chumvi. Kifaranga aliyekula utamjua, tumbo huwa la rangi ya chungwa.

Wakikua, wape moyo wa ng'ombe. Kazi kubwa ni ya kisu: ondoa mafuta yote, mishipa yote, mpaka ibaki nyama nyekundu tupu, kwa sababu mafuta ya mnyama samaki hayamfai. Saga na uduvi na mchicha, tandaza kwenye mfuko uwe mwembamba kama chapati, gandisha, kisha umege kidogo kidogo. Dagaa wa kuanikwa mchangani msiwape, wana mchanga.

Walishe mara tano au sita kwa siku, kiasi cha kumalizika ndani ya dakika chache. Mbona nyingi? Kwa sababu akidumaa mchanga, jicho huendelea kukua na mwili ukabaki nyuma. Kila mara nafyonza makombo kwa mpira, sakafu ya tangi ikiwa tupu bila changarawe, na kila siku nabadilisha theluthi ya maji, ya joto lile lile.

Nimekuja na wawili kwenye ndoo hii, wa umri mmoja. Mmoja nilimlisha vizuri, mwingine alitoka kwenye tangi lililojaa kupita kiasi. Sogeeni mezani, mtazame macho yao.