Niliingizwa Mjini Nikiwa Marekani

Habari zenu watu wangu. Leo sina taa wala meza, niko kwenye gari hapa nje ya kazini, Minneapolis, nimetoka shifti ya usiku. Mnisamehe kwa mngurumo wa hita, nikiizima mtaniona natetemeka mpaka mwisho wa video.

Sasa sikilizeni. Saa kumi alfajiri ya huku, nyumbani ni saa saba mchana, niko kazini kwangu kulea wazee, namgeuza bibi mmoja kitandani, simu ikaita. Shangazi yangu, Morogoro. Sikuweza kupokea, akaniachia sauti: "Mwanangu, simu yangu imeandika ina virusi 13. Inasema nisipopakua kitu cha kuisafishia, ndani ya dakika mbili laini inakufa. Nipakue?"

Nilipopata nafasi nikamjibu: shangazi, usipakue kitu, funga huo ukurasa. Akauliza, wewe umejuaje kama ni uongo? Hapo nikamwambia jambo ambalo sikuwahi kumwambia mtu wa nyumbani tangu nifike nchi hii. Na kwa kuwa nimeshamwambia shangazi, maana yake ukoo mzima unajua, basi acha na nyie niwaambie kwa mdomo wangu.

Mimi niliingizwa mjini, nikatapeliwa. Hapa hapa Marekani. Tena siyo mara moja, na walionipiga ni wale wale.

Nilikuwa mwaka wangu wa pili huku, nasoma na kufanya kazi, nina laptopu iliyokwisha tumika niliyouziwa na dada mmoja wa Kikenya. Usiku nikawa natafuta fomu ya kodi. Nikakosea herufi moja kwenye anwani. Moja tu! Skrini nzima ikageuka bluu na nyekundu, king'ora kikaanza kulia, na sauti ya mwanamke wa kimashine: kompyuta yako imefungwa, usiizime, picha zako na namba zako za benki zinaibiwa sasa hivi, piga namba hii. Mshale wa mausi haupo. Alama ya kufungia haipo. Wenzangu wawili wamelala chumba cha pili, na mimi natafuta pa kupunguza sauti nikilia.

Nikapiga.

Akapokea kijana mstaarabu kupita maelezo, ananiita madam, anasema ni fundi wa Microsoft. Lafudhi yake haikuwa ya Kimarekani, lakini na yangu je? Ningemtilia shaka kwa kosa hilo hilo ninalolifanya mimi kila nikifungua mdomo? Akaniambia nipakue programu ya kumwezesha kuona kompyuta yangu akiwa mbali, nimsomee namba zilizotokea. Nikamsomea. Mshale ukaanza kutembea wenyewe, jamani, kama kuna mtu wa pili mle ndani. Na kweli alikuwepo, nilikuwa nimemfungulia mlango mimi.

Akafungua Event Viewer. Safu kwa safu za alama nyekundu na njano. "Unaona madam? Makosa zaidi ya elfu." Baadaye sana ndipo nikaja kujua kwamba hilo ni daftari tu ambalo Windows inaandika kila kinachotokea, hata printa isipoitika, na ukifungua la kompyuta mpya toka dukani utakuta nyekundu zimo. Halafu akafungua lile dirisha jeusi, akaandika neno moja, netstat, zikashuka namba nyingi chini ya kichwa kilichoandikwa Foreign Address. "Hawa ni wageni wameingia kwako." Maana yake halisi ni anwani ya upande wa pili wa mawasiliano. Ukiwa umefungua YouTube, nayo imo humo. Lakini mimi, mgeni kwenye nchi ya watu, naambiwa wageni wamenivamia. Neno lilinichoma kivyake.

Nikalipa dola 299 kwa kadi, "ulinzi wa miaka mitatu". Wakati huo nalipwa dola 14 kwa saa. Pigeni hesabu wenyewe ni wazee wangapi hao nimewageuza.

Tulieni kwanza, maana hapo bado hatujafika kwenye uchungu. Miezi minne baadaye ikaja simu. Kampuni yetu inafungwa madam, tunakurudishia pesa yako. Nani hataki kurudishiwa pesa? Nikamruhusu tena kuingia. Akanifungulia kifomu, niandike kiasi ninachodai. Nikaandika 299. Akaniambia ingia kwenye akaunti ya benki uone imefika. Naingia, skrini inakuwa nyeusi kidogo, inarudi, naona imeingia dola 2,999.

Yule bwana akaanza kulia. Analia kabisa! "Madam umekosea, umezidisha tisa moja, nitafukuzwa kazi, nina watoto." Hakuna hata senti iliyoingia, watu wangu. Kila brauza kwenye kompyuta, yaani ile programu ya kufungulia tovuti, ina mahali pa kubadilisha maandishi ya ukurasa yakaonekana tofauti hapo kwako tu, na ukiufungua upya namba ya kweli inarudi. Ndiyo maana hakutaka niguse chochote. Aliniambia nikanunue kadi za zawadi dukani nimrudishie tofauti, nianze na mbili za dola 500, na simu nisiikate, niiweke mfukoni. Nikiulizwa, niseme ni zawadi ya mpwa wangu.

Nikatembea kwenye theluji, tapeli yuko mfukoni ananisikiliza ninavyohema.

Keshia alikuwa mama mtu mzima mwenye miwani ya kamba. Akazitazama zile kadi, akanitazama. Hakusema neno. Akachukua risiti ya zamani, akaandika nyuma yake kwa kalamu: kuna mtu kwenye simu amekutuma? Nikatikisa kichwa kwamba ndiyo. Akazivuta zile kadi akaziweka chini ya kaunta, akanionyesha kwa kidole nikate. Nikakata, nikalia pale pale mbele ya foleni. Yule mama simjui jina mpaka leo, ila kwenye dua zangu yumo.

Benki nilipiga kwa ile namba iliyo nyuma ya kadi, wakafunga akaunti wakanipa mpya. Zile 299 ndio basi tena.

Sasa msije mkasema huyu dada mshamba. Kitengo cha FBI kinachopokea malalamiko ya mtandaoni, IC3, kwa mwaka 2024 peke yake kilihesabu zaidi ya dola bilioni 1.4 zilizopotea kwa utapeli huu wa "mafundi", na zaidi ya nusu ni za watu wa miaka 60 na kuendelea. Hao ndio wazee ninaowalea mimi. Na matapeli siyo wa vichochoroni tu. Mwaka 2019 maduka ya Office Depot na wenzao Support.com walikubali kulipa dola milioni 35 kumaliza kesi ya serikali. Walikuwa na kipimo cha bure cha kompyuta. Unaulizwa maswali manne, kama kompyuta yako imekuwa nzito, kama yanakurukia matangazo. Ukijibu ndiyo hata kwa moja, kipimo kinasema una dalili za virusi, halafu unauziwa matengenezo. Majibu yalitoka kwenye mdomo wako mwenyewe! Mganga wa kienyeji angeona aibu.

Kwa hiyo ile skrini ikikutokea. Ile ni karatasi tu, ukurasa wa intaneti kama ukurasa wa habari za mpira, umetanuliwa ukajaza skrini yote. Haujaona faili zako, haujui jina lako. Shikilia Esc kwa sekunde chache, skrini itapungua uone pa kufungia. Ikigoma, Ctrl, Alt na Delete kwa pamoja, fungua Task Manager, ile orodha ya programu zilizo wazi, iue brauza. Ikigoma na hapo, bonyeza kitufe cha umeme mpaka izime, haitakufa. Ukiiwasha na brauza ikakuuliza irudishe kurasa za mwanzo, kataa, maana utarudishiwa king'ora chako. Na Microsoft wenyewe wanasema onyo lao la kweli haliwekwi namba ya simu. Ukiona namba, umeshajua.

Kama umeshampigia na umeshamfungulia, ng'oa intaneti kwanza, mengine baadaye. Kisha futa ile programu. Programu zenyewe hazina kosa, mafundi wa kweli wanatumia AnyDesk na TeamViewer kila siku, tatizo ni nani umempa ufunguo. Nywila badilisha ukitumia kifaa kingine, piga benki. Na atakayekuja wiki ijayo kukwambia yeye anarudisha pesa zilizoibwa, ada kidogo tu, huyo ni ndugu yake yule wa kwanza, au ni yeye mwenyewe kabadilisha sauti.

Nyumbani najua wengi ni simu siyo laptopu. Shangazi nilimuuliza, maonyo yanakuja hata ukiwa hujafungua intaneti? Akasema ndiyo, yanashuka juu kama meseji. Basi siku fulani kuna tovuti ilimuuliza kama ataruhusu arifa, akabonyeza ruhusu ili aendelee kutazama tamthilia yake. Tukaingia kwenye Chrome, mipangilio, arifa, tukakuta tovuti saba. Saba! Tukazifungia zote, virusi 13 vikapona bila dawa. Angepakua ile programu nje ya Play Store ndipo angeweza kupata virusi vya kweli, vile vinavyosoma meseji zako za pesa.

Kwa walioko Tanzania, namba ya tapeli aliyekupigia au kukutumia ujumbe iripoti kwenda 15040. Kenya, wa Safaricom, tumeni 333. Wale wa "ile hela tuma kwenye namba hii" nao mnawajua, sitawafundisha.

Nilipomaliza kumsimulia shangazi akakaa kimya muda mrefu, nikadhani laini imekata. Kisha akasema, "Kwa hiyo ule mwezi uliosema mshahara umechelewa, ndio huo?"

Nikamwambia ndiyo, shangazi. Ndio huo.

Barafu ya kioo cha gari imeshayeyuka, ngoja nikalale.