Old Sarum: Jimbo Lililokaa Ndani ya Sanduku la Hati

Ndugu zangu, ahsanteni kwa kuja. Sitawarudisha kwenye asili ya Bunge la Uingereza wala mabaraza yake mawili. Hayo mnayajua, na muda wenyewe ni mfupi. Naanza na kilima.

Kilima hicho kiko kaskazini ya mji wa Salisbury, katika Wiltshire, kusini mwa Uingereza. Kinaitwa Old Sarum. Kimezungukwa na matuta ya udongo na mahandaki ya tangu kabla ya Warumi. Wanormani, watu wa kaskazini mwa Ufaransa walioiteka Uingereza, walijenga ngome juu yake, kanisa kuu likawekwa wakfu hapo mwaka 1092, na watu wakakaa. Baadaye watu wakahama. Lakini mpaka mwaka 1832 kilima hicho kilikuwa na wabunge wawili London, na kwa karne kadhaa kabla ya hapo hapakuwa na mji wowote juu yake.

Kila jina hili linapotajwa, watu hucheka. Wanasema kondoo walikuwa na wabunge. Kisha wanatoa hukumu moja kati ya mbili: ama ulikuwa wizi wa kura, ama ilikuwa rushwa. Nimelipinga hili mara nyingi na leo nalipinga tena. Hakuna kura iliyoibwa Old Sarum. Na rushwa, ungempa nani pale pasipo na mtu? Jimbo lile liliendeshwa kwa mujibu wa sheria, hatua kwa hatua, karatasi kwa karatasi. Ukishasema "wizi" umefunga mjadala, umekwenda nyumbani, na kosa lenyewe hujaligusa.

Tazameni tarehe. Juu ya kilima pale palikuwa na upepo mkali, maji yalikuwa shida, na mapadri hawakupatana na askari wa ngome. Mwaka 1220 wakaweka msingi wa kanisa jipya chini bondeni, karibu na mto. Mwaka 1227 mji mpya wa bondeni ukapata hati yake kutoka kwa Mfalme Henry wa Tatu. Huo ndio Salisbury wa leo. Old Sarum wakaitwa kupeleka wabunge kwa mara ya kwanza mwaka 1295. Hesabuni: miaka 68 baada ya mji mpya kupata hati yake! Yaani mji uliitwa bungeni wakati tayari ulikuwa unakufa. Mwaka 1331 Mfalme Edward wa Tatu akaruhusu mawe ya kanisa la zamani yachukuliwe kwa ujenzi. Katika karne hiyo hiyo ya 14, baada ya kukaa miaka mingi bila kuitwa, Old Sarum wakaanza tena kupeleka wabunge, na safari hii hawakuacha. Mawe yanateremka, wabunge wanapanda. Na huku bondeni Salisbury nao walikuwa na wabunge wao wawili.

Iliwezekanaje? Hapa ndipo nataka tukae.

Haki ya kupiga kura Uingereza ya zamani haikuwa ya namna moja. Kila mji ulikuwa na desturi yake. Kuna miji ambayo kila mwenye nyumba aliyelipa kodi za mtaa alipiga kura. Kuna miji ambayo kura ilikuwa ya madiwani peke yao. Na kuna miji kama Old Sarum, ambayo kura ilifungwa kwenye kiwanja. Tena si kiwanja chochote, ila viwanja vile vya asili vilivyopimwa mji ulipoanzishwa, ambavyo mwenye navyo alimlipa mwenye mji kodi ndogo isiyobadilika. Mwenye kiwanja ndiye mwenye kura. Nyumba iwepo isiwepo, kura ipo. Mtu akae hapo au akae London, kura ipo. Kule Downton, mji mwingine wa Wiltshire hiyo hiyo, kiwanja kimoja chenye kura kilikuwa katikati ya mkondo wa maji.

Sasa fuateni matokeo yake. Kama kura iko kwenye kiwanja, na kiwanja kinauzwa, basi anayenunua viwanja vingi kuliko wenzake amenunua jimbo. Hahitaji kumshawishi mtu hata mmoja. Lakini alikuwa na tatizo: mtu mmoja, hata awe na viwanja kumi, hapigi kura kumi. Kura ni moja kwa kila mtu. Afanyeje?

Anagawa hati. Bunge likivunjwa, wakili wa tajiri anafungua sanduku la hati za viwanja. Kila kiwanja kinaandikiwa hati ya kukihamishia kwa mtu fulani wa kuaminika: ndugu yake, msimamizi wa shamba, mpangaji wake, karani wa wakili. Mtu huyo sasa ndiye mwenye kiwanja kisheria, jina lake limo kwenye karatasi, muhuri umegongwa. Anakwenda uchaguzini na hati mkononi. Anapiga kura. Kura ya siri haikuwepo Uingereza mpaka mwaka 1872, kwa hiyo anatamka jina la mgombea mbele ya watu na karani anaandika. Akimaliza, anairudisha hati kwa wakili, na sanduku linafungwa mpaka uchaguzi ujao. Wengine walikuwa wamiliki kwa saa chache tu, hata kiwanja chenyewe hawajakikanyaga.

Najua mtaniuliza: na yule mtu akikataa kuirudisha? Swali zuri, na mawakili wa wakati huo liliwanyima usingizi. Akikataa, kiwanja ni chake, maana hati inasema hivyo. Akifa kabla ya kurudisha, kinakwenda kwa warithi wake. Akiahidi kwa Petro akampigia Paulo, kura imehesabiwa. Ndiyo maana hati hazikutolewa mapema, zilitolewa saa ya mwisho. Na ndiyo maana zilipewa watu ambao chakula chao kilimtegemea mwenye sanduku. Tatizo la pili: mshindani anaweza kununua kiwanja kimoja kimoja kwa siri, hasa kwa mjane au mrithi mwenye madeni. Kwa hiyo tajiri mwenye akili hakuridhika na nusu na kimoja, alinunua vyote. Tatizo la tatu ni ushahidi. Nyumba zikishaanguka na shamba likalimwa, utajuaje mpaka wa kiwanja cha miaka 400 iliyopita? Unajua kwa hati tu. Hati ikiungua au ikaliwa na panya, kura imekufa. Sanduku lile lilitunzwa kuliko vito.

Utaratibu wa siku yenyewe ulifuatwa bila kuruka hata kifungu. Hati ya kuitisha uchaguzi ilitoka London kwenda kwa sherifu wa Wiltshire. Sheria ya mwaka 1696 ilimtaka sherifu aipeleke amri kwenye mji mapema, na msimamizi wa uchaguzi akishaipokea, atangaze siku si chini ya nne kabla, na uchaguzi ufanyike ndani ya siku nane. Ukumbi haukuwepo, kwa hiyo uchaguzi ulifanyika shambani, chini ya mti mmoja mkubwa ambao watu wa hapo waliuita Mti wa Bunge. Hapo ndipo msimamizi alipokula kiapo, na hapo ndipo iliposomwa kwa sauti, neno kwa neno, sheria ya mwaka 1729 ya kuzuia rushwa katika uchaguzi, kwa sababu sheria yenyewe iliagiza isomwe. Katika uchaguzi wa mwisho, mwaka 1831, wapiga kura walikuwa 11, na wote makazi yao yalikuwa kwingine.

Sheria hiyo ya 1729 naomba muishike vizuri, maana ndiyo msumari. Mahali palipokuwa na ugomvi juu ya nani ana haki ya kura, Bunge la Makabwela, yaani baraza la wabunge wa kuchaguliwa, lilikuwa linaamua. Sheria ile ikasema: uamuzi wa mwisho uliokwisha kutolewa na Bunge kuhusu mji fulani ndio huo huo, hautafunguliwa tena. Nia ilikuwa njema. Walitaka kukomesha tabia ya chama chenye wabunge wengi kubadilisha orodha ya wapiga kura kila kinapopenda. Lakini tazameni kilichotokea: desturi iliyokuwa laini ikawa jiwe. Mji ukikua, haki haikui. Mji ukifa, haki haifi. Hakuna ofisi, hakuna tume, hakuna afisa hata mmoja katika ufalme mzima aliyekuwa na kazi ya kusema, "Jamani, watu wamehama, tuhamishe na viti." Hapo ndipo lilipo kosa la Old Sarum, na uhodari wa mwenye sanduku ulikuja baadaye kulifaidi tu.

Nani alilishika sanduku? Katika miaka ya 1690 lilikuwa mikononi mwa Thomas Pitt, mfanyabiashara wa India, ambaye baadaye akawa gavana wa Madras na akapata almasi aliyoiuza mwaka 1717 kwa mtawala wa Ufaransa; sasa iko Louvre. Mjukuu wake, William Pitt Mkubwa, ambaye baadaye aliiongoza Uingereza katika Vita vya Miaka Saba, aliingia bungeni kwa kiti cha Old Sarum mwaka 1735 na kukikalia mpaka 1747. Kuna wanaosema: basi si mnaona, majimbo haya yalitoa viongozi hodari! Hoja hii naisikia kila mara na hainishawishi. Mtu hodari akipita dirishani haimaanishi nyumba haihitaji mlango. Na kwa kila Pitt mmoja, pigeni hesabu ya mashemeji na wapwa waliokaa kwenye viti hivyo na hotuba zao hakuna anayezikumbuka.

Mwaka 1802 jimbo likauzwa. Lord Camelford, wa ukoo huo huo wa Pitt, alimuuzia Earl wa Caledon, ambaye mali ya baba yake nayo ilitoka India. Bei inayotajwa ni pauni 60,000. Sasa shikeni kalamu. Ardhi ile na haki zake ziliingiza pauni 700 kwa mwaka, pengine chini ya hapo. Ardhi wakati ule iliuzwa kwa bei sawa na mapato yake ya miaka 20 hadi 30. Chukueni 30, tumpendelee muuzaji: 700 mara 30 ni pauni 21,000. Toa kwenye 60,000, zinabaki 39,000. Hizo hazikununua udongo. Zilinunua viti viwili katika Bunge linalotoza watu wote kodi, na mauziano yaliandikwa na mawakili mchana kweupe.

Na kwa kuwa kiti kilikuwa mali, hata warekebishaji walikiona kama mali. Mwaka 1785 William Pitt Mdogo, akiwa waziri mkuu, alipendekeza majimbo 36 yafutwe kwa kuwalipa fidia wenyewe, akitenga pauni milioni moja. Akashindwa kwa kura 248 dhidi ya 174.

Kuna jambo moja zaidi ambalo wengi hulipita. Mwaka 1821 Bunge lilifuta jimbo la Grampound, huko Cornwall, kwa sababu wapiga kura wake walithibitika kuuza kura. Viti vyake viwili vikapewa Yorkshire. Old Sarum haikuguswa. Kwa nini? Ilikuwa safi! Grampound kulikuwa na watu, watu wana njaa na madeni, wakanunuliwa, wakaadhibiwa. Old Sarum hakuna aliyenunuliwa, kwa hiyo hakuna wa kuadhibiwa. Sheria ya kupambana na rushwa ililiangukia jimbo lenye watu na kuliacha jimbo lisilo na watu. Ndiyo maana nawaambieni neno "rushwa" halitufikishi popote hapa.

Muda unanikimbia, nitapita haraka. Manchester, Birmingham, Leeds na Sheffield, miji ya viwanda, hazikuwa na mbunge wao hata mmoja. Machi 1831 muswada wa mageuzi ulipita hatua ya pili kwa kura moja, 302 kwa 301. Oktoba Bunge la Malodi, yaani baraza la makabaila, likaukataa, na ghasia zikazuka Bristol, Nottingham na Derby. Tarehe 7 Juni 1832 ukawa sheria. Majimbo 56 yalifutwa kabisa, yakapangwa kwenye jedwali kwa hesabu ya idadi ya nyumba na kodi zilizolipwa, kuanzia la chini kabisa. La kwanza kwenye orodha ni Old Sarum. Dunwich, mji uliomezwa na bahari, umo humo humo; nilitaka kuueleza, nitauacha.

Ila msiondoke mkidhani 1832 walimaliza kazi. Walichora ramani mpya, hawakuweka tarehe ya kuichora tena. Ikabidi kungoja sheria nyingine za miaka ya 1867 na 1868, kisha 1885, kisha 1918, kila mara kwa vita vya vyama. Tume za kudumu za mipaka Uingereza ilizipata mwaka 1944. Ni miaka 112 baada ya Old Sarum kufutwa.

Kenya, iliyorithi kutoka Uingereza mfumo wa baadaye wa jimbo moja mbunge mmoja, iliandika dawa ndani ya katiba ya 2010, kifungu cha 89: majimbo 290, mipaka ipitiwe kila baada ya miaka isiyopungua 8 na isiyozidi 12, na idadi ya watu isipishane na wastani kwa zaidi ya asilimia 30, au 40 kwa miji mikubwa na sehemu zenye watu wachache. Mapitio yaliyotangulia yalikamilika Machi 2012. Machi 2024 miaka 12 ikatimia, tume ya uchaguzi na mipaka ikiwa haina makamishna wa kuifanya kazi hiyo, na mipaka ikabaki ile ile.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Karibuni maswali.