Riwaya ya Upelelezi Ilizaliwa na Tuzo

Mwenyekiti, walimu wenzangu, wanafunzi, na ninyi wasomaji mliokuja kwa mapenzi tu ya hadithi, ahsanteni kwa kunikaribisha. Nimeombwa nizungumzie tuzo za riwaya za upelelezi duniani. Nitazizungumzia, lakini nitaanzia Unguja, maana sisi tuna jambo hapa ambalo tumelisahau mno.

Kati ya mwaka 1957 na 1958, East African Literature Bureau, taasisi ya vitabu ya Afrika Mashariki, iliendesha shindano la kuandika hadithi kwa Kiswahili. Aliyeshika nafasi ya kwanza ni Muhammed Said Abdulla, mzaliwa wa Makunduchi, mtu aliyewahi kuwa mkaguzi wa afya kabla ya kuhamia kwenye uhariri wa magazeti. Mswada wake ulitoka kitabu mwaka 1960, Mzimu wa Watu wa Kale. Humo ndimo alimozaliwa mpelelezi Bwana Msa na kiko chake, na Najum akimfuata nyuma kwa maswali. Baada yake vikaja Kisima cha Giningi, Duniani Kuna Watu, Siri ya Sifuri na vinginevyo, hadi Kosa la Bwana Msa mwaka 1984. Kwa hiyo anayesema kwamba upelelezi ni fani iliyoingia Kiswahili kupitia mlango wa uani hasemi kweli. Iliingia kupitia mlango wa mbele, ikiwa na ushindi mkononi.

Sasa twendeni Japani, mwaka uleule wa 1957. Edogawa Rampo, mwandishi mkubwa wa mafumbo wa nchi hiyo, alikuwa ametoa fedha ili ianzishwe tuzo yenye jina lake. Miaka miwili ya mwanzo ilitolewa kwa waliokwisha kuutumikia uandishi huo. Mwaka wa tatu, yaani 1957, utaratibu ukabadilika, wakaanza kushindanisha miswada ambayo haijachapishwa. Aliyeshinda ni mwanamke aitwaye Niki Etsuko, aliyeugua uti wa mgongo tangu utotoni na kukaa kitandani miaka mingi. Kitabu chake kiliuzwa kwa wingi sana. Tuzo hiyo haikuishia hapo, bali iliendelea mwaka baada ya mwaka. Mwaka 1985 ilimwangukia Higashino Keigo, aliyekuwa mhandisi kiwandani. Muda si mrefu akaacha kazi, akahamia Tokyo kuandika tu, na leo anasomwa dunia nzima.

Tazameni hizo hatua mbili, ya kwetu na ya Japani, zilivyofanana: mwaka mmoja, njia moja ya kushindanisha miswada, na washindi wote wawili wakapendwa na wasomaji. Tofauti ni kwamba wenzetu waliifanya kazi ya kila mwaka, na sisi hadi leo hatuna tuzo ya kudumu ya Kiswahili iliyotengewa upelelezi peke yake. Hilo ndilo linaloniuma, na ndilo lililonileta hapa.

Tusidhani ni Japani pekee. Marekani chama cha waandishi wa mafumbo kiliundwa mwaka 1945, na mwaka uliofuata kikaanza kutoa tuzo iliyopewa jina la Edgar Allan Poe, mwandishi wa kale wa hadithi za mafumbo. Tuzo ya kwanza ilikwenda kwa riwaya ya kwanza ya mwandishi, Julius Fast. Angalieni walipoanzia: kwa mgeni wa fani. Tuzo ya riwaya bora ya mwaka ilikuja baadaye, mwaka 1954. Mshindi hupewa sanamu ndogo ya Poe, na wanaosoma na kuamua ni wanachama wenyewe, watu wanaojua jinsi kazi hii inavyomtoa mtu jasho. Ufaransa ina yake tangu 1948, moja kwa kitabu cha Kifaransa na moja kwa cha kigeni.

Uingereza nitakaa kidogo, kwa sababu kuna mgogoro wenye faida kwetu. Chama cha waandishi wa riwaya za uhalifu kilianzishwa na John Creasey mwaka 1953, na tuzo yao kubwa inajulikana kwa jina la jambia la dhahabu. Mwaka 2005 jambia hilo lilichukuliwa na Arnaldur Indriðason wa Iceland, kwa kitabu kilichotafsiriwa. Mara baada ya hapo kanuni ikabadilishwa: tuzo kuu ikabaki kwa vitabu vilivyoandikwa kwa Kiingereza, na ikaanzishwa nyingine ya vitabu vya tafsiri. Wapo walioona wageni wamefungiwa mlango baada ya kushinda. Nawaelewa. Lakini mimi naona tuzo ya pili ilifanya jema ambalo ya kwanza isingelifanya: inamtambua mfasiri pamoja na mwandishi. Mwaka 2006 Fred Vargas wa Ufaransa aliipokea pamoja na mfasiri wake, Siân Reynolds. Riwaya ya Kiswahili ikifasiriwa vizuri na kuchapishwa kule, nayo ina pa kugombea. Tunahitaji wafasiri.

Turudi nyumbani. Baada ya Bwana Msa alikuja Faraji Katalambulla na Simu ya Kifo mwaka 1965, kisha Elvis Musiba na mpelelezi wake Willy Gamba, kisha Ben Mtobwa na wake, Joram Kiango. Vitabu hivi vilisomwa hadi vikachanika majalada. Vyuoni tukaviita riwaya pendwa, tukaviweka upande mmoja, na upande wa pili tukaweka riwaya dhati, zinazostahili kufundishwa. Mgawanyo huo umeingia hadi kwenye majopo ya waamuzi. Ni kama kumpima mpishi wa pilau kwa ladha ya chai yake. Mwamuzi anauliza dhamira iko wapi, ujumbe kwa jamii ni upi, na hakumbuki kuuliza kama dokezo liliwekwa mbele ya msomaji kwa haki, kama mshukiwa wa tatu ana sababu ya kweli ya kuua, kama ufumbuzi umetokana na yaliyokwisha kusimuliwa.

Chukueni Mzimu wa Watu wa Kale. Maiti ya Bwana Ali inakutwa mahali pa mzimu, na watu wako tayari kuamini kuwa mizimu imeua. Bwana Msa haamini. Mahali pale si pambo: imani ya wanakijiji, na pengine ya msomaji mwenyewe, ndiyo pazia linalomficha muuaji. Huo ni ufundi, na hupimwa kwa macho ya fundi.

Sisemi tuzo tulizonazo hazijafanya kitu. Ile ya Mabati-Cornell, ya fasihi ya Kiswahili, mwaka wake wa kwanza 2015, iliipa nafasi ya pili Kolonia Santita ya Enock Maregesi, riwaya ya ujasusi na madawa ya kulevya. Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ilitangaza washindi wake wa kwanza mwaka 2023 na imewapa waandishi wa riwaya sababu ya kumaliza miswada. Lakini humo riwaya zote huchanganywa katika chungu kimoja.

Na kuna suala la wanawake. Marekani mwaka 1986 mwandishi wa riwaya za upelelezi Sara Paretsky na wenzake waliunda chama chao kwa sababu vitabu vya wanawake vilikuwa vikipuuzwa na wahakiki na watoa tuzo. Majina yote niliyoyataja ya wapelelezi wetu wa Kiswahili yameandikwa na wanaume. Siamini kwamba hakuna msichana Tanga, Mombasa au Bujumbura mwenye fumbo kichwani.

Kwa hiyo pendekezo langu ni hili. Tuanze na miswada, si vitabu vilivyochapishwa. Zawadi iwe kuchapishwa, pamoja na mhariri wa kukaa na mshindi hadi kitabu kisimame. Jopo liwe na mwandishi wa fani hii, mwalimu wa fasihi, askari mpelelezi mstaafu atakayetuambia pale ushahidi unapopwaya, na msomaji wa kawaida anayesoma vitabu hivi kwenye basi. Majina ya waandishi yafutwe kwenye miswada, wapewe namba, na yasifunuliwe mpaka jopo litie saini uamuzi wake.