Mwacheni Achuchumae

Ndugu zangu wazazi na walimu, wengi mmeshanisikia nikisimulia habari za kuku. Nitaisimulia tena, na nitaendelea kuisimulia mpaka tuifanyie kazi: tuwaache watoto watoke nje, watazame viumbe kwa macho yao wenyewe.

Jane Goodall, yule aliyekuja kuwa mtafiti maarufu wa sokwe, alikuwa na miaka minne hivi, yuko shambani huko Uingereza, kazi yake kuokota mayai. Swali likamkaa: kuku ana tundu gani la kupitisha kitu kikubwa hivi? Akauliza watu wazima, hakuridhika. Akamfuata kuku bandani kwa kutambaa. Kuku akashtuka, akatoka akipiga kelele. Hapo akagundua jambo. Akaingia banda jingine lililokuwa tupu, akajibanza kwenye majani makavu, akangoja. Akangoja muda wa saa nne hivi! Huko nje nyumba nzima inahaha, polisi wameshapewa taarifa. Mara mtoto huyo anakuja mbio, amejaa majani, macho yanang'aa.

Sasa mtazameni mama yake, Vanne. Alikuwa na kila sababu ya kufoka. Aliketi chini, akasikiliza kuku anavyotaga, mwanzo hadi mwisho.

Mwaka 1960, binti huyo ana miaka 26, akafika Gombe, kando ya Ziwa Tanganyika, na aliyefuatana naye ni mama yuleyule. Mwaka huohuo alimwona sokwe akichomeka bua kwenye kichuguu na kuvua mchwa, wakati wataalamu walishikilia kwamba mwanadamu peke yake ndiye atengenezaye zana. Kungoja kule alikuwa amejifunza bandani. Je, kama angekaribishwa kwa kofi siku ile, ingekuwaje?

Najua mtaniambia: nyoka! Sawa, mfundisheni. Asiingize mkono kwenye shimo asiloona ndani yake, asiguse asichokijua, atazame kabla ya kuketi. Mtoto wa miaka mitano anayaweza haya. Matope? Matope yanaoshwa, jamani, nimechoka kuyajibia. Na anayesema mtoto ana masomo mengi ajue kwamba tafiti za nchi mbalimbali zimeonyesha watoto wanaokaa zaidi nje mchana wana uwezekano mdogo wa kupata tatizo la kutoona mbali. Hayo macho ndiyo anayosomea.

Lakini mkitoka naye, tafadhali, msimhutubie. Mtoto amechuchumaa penye msafara wa sisimizi, nasi tuko juu ya kichwa chake tunataja majina. Mwacheni. Apanguse njia yao kwa kidole mara moja, aone wanavyositasita, wanavyorudi, wanavyozunguka. Akiuliza kwa nini, mwulizeni yeye anaonaje. Atafika mwenyewe kwenye harufu ambayo wenzao wameiacha chini, labda kesho, labda wiki ijayo. Haraka ya nini?

Kuhusu kutunza mazingira nitasema kwa kifupi. Mtoto aliyekwenda kila siku kumtazama kiluwiluwi mpaka akaota miguu atakuwa wa kwanza kugomba mtu akimwaga maji ya sabuni kwenye dimbwi lile. Hana haja ya kuandikiwa bango.

Nilikusudia kugusa upandaji miti na bustani za shule, ila naonyeshwa saa. Basi, maswali. Tuanze na mtoto yule pale nyuma, ambaye tangu nilipoanza kusema anamtazama mjusi ukutani. Mwanangu, umeona nini?