Mama Mwenye Orisha: Vyeo vya Kandomble Vinapovushwa Kwenda Kiingereza

Waheshimiwa walimu, wafasiri wenzangu, wanafunzi, nawashukuru kwa kuja.

Mada niliyopewa ni vyeo vya dini za Brazili zenye asili ya Afrika, vinapotolewa kwenye Kireno na kutiwa kwenye Kiingereza. Nitakaa zaidi Salvador, mji mkuu wa jimbo la Bahia, kwenye nyumba za Kandomble, mojawapo ya dini hizo, kwa sababu maandishi mengi yanayofasiriwa yanazihusu nyumba hizo. Ninalotaka kusema ni moja. Mfasiri akikuta cheo cha Kandomble kwa Kireno asidhani ameshika asili. Mara nyingi ameshika tafsiri, tena tafsiri iliyofanywa na watu waliokuwa wakiwindwa. Akiifasiri tena bila kutazama kilicho chini yake, anaipeleka hofu ya zamani hizo kwenye lugha ya pili.

Tuanze na mãe-de-santo, maana ndicho cheo kinachojulikana kuliko vyote. Neno kwa neno ni "mama wa mtakatifu". Chini yake kuna Kiyoruba, neno ambalo Wabrazili huliandika ialorixá: iyá ni mama, ní ni kuwa na, òrìṣà mnamjua, mungu wa Wayoruba. Mama mwenye orisha. Sisi wenye Kiswahili tunaisikia tofauti ya "mama wa" na "mama mwenye" bila kuelezwa na mtu. Mwenye ana mamlaka na ana dhamana; kutokana na neno hilo pwani yetu ilipata hata cheo cha Mwinyi Mkuu wa Unguja. Kireno kiliweka "de" mahali pa umiliki huo, kisha orisha akavikwa joho la mtakatifu wa Kanisa.

Joho hilo lilikuwa na sababu. Utumwa ulifutwa Brazili mwaka 1888, na miaka miwili tu baadaye sheria ya jinai ya 1890 ikaweka adhabu kwa kile ilichokiita uchawi na kuita mizimu. Polisi waliingia nyumba za ibada, wakachukua ngoma, wakachukua vitu vya madhabahuni. Katiba ya 1946 ilipata kifungu cha uhuru wa ibada kilichopelekwa bungeni na mwandishi Jorge Amado, aliyekuwa mbunge, lakini Bahia nyumba za Kandomble ziliendelea kudaiwa kibali cha polisi hadi 1976. Katika mazingira hayo, kusema "santo" kulikuwa kinga.

Kisha ikaja Julai 1983. Mama watano wa nyumba kubwa za Salvador walitoa tamko la hadhara: Menininha wa Gantois, Stella wa Opô Afonjá, Tetê wa Casa Branca, Olga wa Alaketu na Nicinha wa Bogum. Walisema Kandomble ni dini kamili, na kwamba wakati wa kuwafunika orisha kwa watakatifu wa Kikatoliki umepita. Kwa hiyo anayeandika leo kwa Kiingereza "mother of the saint", kama kwamba hilo ndilo jina la asili, anamfunika tena mama aliyekwisha kujifunua mwenyewe. Wasomi wengine wametengeneza "mother-in-saint". Nawaheshimu kwa juhudi, ila msomaji wa Kiingereza akilisikia hilo, sikio lake linakimbilia mama mkwe.

Wengi basi hukimbilia "priestess". Neno hilo lina heshima, na kwenye kichwa cha habari cha gazeti linaeleweka haraka. Ubaya wake ni kwamba limeua ukoo, na Kandomble bila ukoo haisomeki. Mtu anayetiwa kwenye ibada anazaliwa upya katika nyumba ile. Aliyemwekea mkono kichwani ni mama yake au baba yake kwelikweli, kwa haki na kwa miiko. Wanaotiwa pamoja huitwa barco, yaani mashua, na wamo humo kwa mpangilio: wa kwanza dofono au dofona akiwa mwanamke, wa pili dofonitinho, wa tatu fomo, anafuata fomotinho, kisha gamo, na kuendelea. Hao ni ndugu, na mkubwa hubaki mkubwa maisha yote. Nyumba nyingi zinamkataza mama kumtia ibadani mume wake mwenyewe, kwa kuwa mume angegeuka mwana. Sasa fikirini kitabu kilichojaa "priestess" na "initiates", halafu ukurasa wa hamsini kinataja katazo hilo. Msomaji ataliona kuwa kioja, maana mfasiri amekwisha kuifuta familia iliyolizaa.

Hata "mother" peke yake ina mtego. Maria Stella de Azevedo Santos, aliyeishi tangu 1925 hadi 2018, muuguzi kwa taaluma, aliongoza Opô Afonjá tangu 1976, na mwaka 2013 akachaguliwa kuingia Chuo cha Fasihi cha Bahia. Mwiteni "Mother Stella" kwa Kiingereza na amekuwa mtawa. Mwanamume akiitwa "Father", amekuwa padre. Hapa mimi naacha Mãe Stella na Pai fulani kama walivyo. Msomaji anayeweza kumeza "Monsieur" na "Señora" ataimeza Mãe pia.

Twende kwa iaô, aliyetiwa karibuni. Asili ni ìyàwó ya Kiyoruba, bibi harusi, mke. Hata mwanamume ni iaô, kwa sababu kwa orisha wake yeye amekaa nafasi ya mke: orisha humpanda na kumtawala. Mkiandika "bride" msomaji anatafuta shela. Mkiandika "novice" mmempeleka kwenye nyumba ya masista. Iaô hupita ibada za mwaka wa kwanza, wa tatu na wa saba, na akitimiza ile ya saba anakuwa ebomi, kutoka ẹ̀gbọ́n mi. Kiyoruba hapo hakitazami jinsia kabisa, na Kiswahili kinaweza kukifuata vizuri sana: mkubwa wangu. Neno "wangu" limo ndani ya cheo chenyewe. Anayetafsiri "senior initiate" ametoa mtu nyumbani kwao akampeleka ofisini.

Cheo kinachoniuma kuliko vyote ni ekedi. Ekedi ni mwanamke ambaye orisha hampandi. Yeye hubaki macho wakati wengine wamechukuliwa. Humvika orisha, humfuta jasho, hucheza naye, humlinda asijiumize. Nimeona ameandikwa "maid", nimeona "servant". Lakini ekedi akishathibitishwa huitwa mama siku hiyohiyo, hata kama ni msichana, na waliotiwa miaka mingi kabla yake humwomba baraka. Mwenzake wa kiume ni ogã, ambaye huitwa baba. Yeye kwa Kiingereza hupunguzwa kuwa "drummer". Mkuu wa ngoma ana jina lake, alabê. Anayechinja ni axogum. Mlinzi wa madhabahu ni pejigã. Wote hao ni ogã. Tena enzi za polisi, nyumba zilichagua ogã miongoni mwa watu wenye sauti mjini ili wazikinge.

Na papo hapo kuna neno lililoharibu kurasa nyingi. Orisha humchagua ogã au ekedi mbele ya watu, akamshika na kumwinua juu. Tangu hapo, hadi ibada ya kuthibitishwa, yeye ni ogã suspenso: ogã aliyeinuliwa. Anayefasiri kwa macho tu anaandika "suspended ogan", na mtu aliyepewa heshima kubwa ya maisha yake anaonekana amesimamishwa kazi.

Babalorixá na babalaô nawapitia haraka. Wa kwanza ni baba mwenye orisha, kiongozi wa nyumba. Wa pili ni baba wa siri, mpiga ramli wa Ifá, uaguzi wa Kiyoruba. Martiniano Eliseu do Bonfim, aliyesoma Lagos akiwa kijana na kufariki mwaka 1943, ndiye babalaô anayetajwa zaidi katika Bahia ya zamani. Baada ya watu wa aina yake, kazi ya kuagua ilibaki kwa mama na baba wa nyumba, wanaotumia kauri. Wasomaji wa Marekani wamezoea "babalawo" kutoka kwa Wakuba na Wanigeria, na wafasiri huwapa walichozoea. Wasiwape.

Sasa nifike kwenye jambo linalotuhusu sisi kwa damu ya lugha. Kandomble ina mataifa, na taifa hapo maana yake ni njia ya ibada: Ketu ya Kiyoruba, Jeje ya upande wa Kifon, na Angola ya Kimbundu na Kikongo. Katika taifa la Angola kiongozi wa kike haitwi ialorixá. Anaitwa mameto de inquice; inquice kwa taifa hilo ni kama orisha kwa Ketu. Mam'etu, semeni polepole: mama yetu. Wa kiume ni tata. Mpiga ngoma ni xicarangoma, na ngoma mnaisikia humo ndani. Wazee wa kike ni makota, kwa ma- ileile tunayoitumia katika mababu na mabibi. Lakini kwa kuwa wasomi waliziandika zaidi nyumba za Kiyoruba, maneno ya Ketu yamekuwa kipimo cha wote, na mfasiri akimkuta mameto anambadilisha kuwa "iyalorisha" ili msomaji asichanganyikiwe. Hilo nalikataa kabisa. Nyumba kama Bate-Folha, iliyoanzishwa Salvador mwaka 1916, imetunza maneno hayo kupitia miaka yote ya polisi. Hatuwezi kuyafuta kwa ajili ya wepesi wa kusoma.

Kama mtu anaona nakuza mambo, amkumbuke Mãe Gilda, mama wa nyumba moja ya Kandomble Salvador. Mwaka 1999 gazeti la kanisa moja lilichapisha picha yake chini ya maneno ya kuwaita watu wa dini yake matapeli na "macumbeiros", jina la dharau kwa wafuasi wa dini hizi. Nyumba yake ikashambuliwa, afya yake ikavunjika, akafa tarehe 21 Januari 2000. Sheria ya 2007 iliifanya tarehe hiyo kuwa siku ya taifa ya kupinga chuki za kidini. Gazeti la Kiingereza linapofasiri pai-de-santo, yaani baba wa mtakatifu, kwa "witch doctor", linakopa kutoka ghala lilelile.

Kwa vitendo nafanya hivi: naandika cheo ambacho mwenyewe anajiita. Akisema ialorixá, naandika ialorixá. Bibi mzee akisema mimi ni mãe-de-santo, siendi kumsahihisha kwa tamko la 1983. Ni neno lake. Maelezo nayatia kwenye sentensi ya kwanza anapotokea, kwa kazi anayoifanya, na baada ya hapo naacha. Wingi wa makota ni makota, bila s, hata mhariri akinung'unika. Na Makota Valdina, mwalimu mkubwa wa Salvador aliyefariki mwaka 2019, kwenye faharasa ya kitabu ataorodheshwa chini ya Pinto, Valdina, huku Makota ikiandikwa mahali pa cheo, kwa kuwa hicho ni cheo chake.