Glasi Nne Kwenye Friji: Siagi, Karanga, Mafuta na Lehemu

Karibuni tena jikoni kwangu, hapa Mbagala. Leo hatupiki, tunaangalia mafuta yetu na lehemu (kolesteroli) ya kwenye damu. Chukua glasi nne ndogo na kijiko cha chakula.

Tia vijiko viwili viwili: hapa alizeti, hapa mawese ya kupima kutoka dukani kwa mangi, hapa mafuta ya nazi, na hapa siagi ya maziwa niliyoiyeyusha. Andika majina, asubuhi utasahau. Unaona? Kwa joto letu la Dar zote zinamiminika. Ziweke kwenye friji hadi kesho. Siyo friza, baridi ya kule haichagui.

Haya, kumekucha. Inamisha moja moja. Siagi jiwe. Nazi jiwe, hata kijiko hakipenyi. Mawese yameganda. Alizeti inatiririka kama jana. Ukiona ukungu kidogo ndani, hasa kwa ile ya kukamuliwa mtaani, ni nta ya mbegu tu.

Sasa nisikilizeni vizuri. Siyo kwamba mafuta yanaganda mishipani hivi. Mwilini kuna joto la nyuzi 37. Kazi iko kwenye ini. Mafuta ya jamii hii inayoganda, ukiyala mengi, hulifanya ini lipunguze kasi ya kuondoa lehemu mbaya kwenye damu. Mafuta hayo kwenye siagi na mawese ni kama nusu. Kwenye nazi yanapita asilimia 80. Kwenye alizeti ni kama asilimia 10.

Na yale maandishi ya chupa, "haina kolesteroli"? Ni kweli, ila hayakusaidii. Lehemu ni mambo ya wanyama, hata mawese na nazi hayana.

Tuje kwenye siagi ya karanga. Fungua kopo. Mafuta yakiwa yameelea juu, furahi, usiyamwage, koroga. Ni ya karanga yenyewe, na mengi si ya jamii ile ya kuganda. Ikiwa imeshikana muda wote, soma lebo, huenda imeongezwa mawese.

Mimi nasaga mwenyewe. Karanga nusu kilo, chambua kwanza: zilizosinyaa na zenye ukungu tupa, maana sumukuvu, ile sumu ya ukungu, haitoki kwa kukaangwa. Kaanga kavu, pepeta maganda, saga kwa vituo blenda isiungue. Mwanzoni utapata unga na utakata tamaa. Endelea, itatoa mafuta yake. Chumvi kidogo. Sukari msinitanie.

Mwisho, kijiko. Chapati zetu tunazimiminia moja kwa moja kutoka kwenye chupa! Pima. Hata ya alizeti, kijiko kimoja cha chakula ni kama kalori 120.

Wali wa nazi sijaukataza. Kwangu ni wa Jumapili. Siku nyingine mchicha naupika kwa karanga badala ya tui. Na aliyeambiwa hospitali lehemu yake iko juu, asije akaacha dawa kwa sababu ya glasi zangu nne.