Kusimamishwa Bila Kushukiwa

Ndugu zangu, asanteni kwa kuja. Leo tuizungumzie sheria ambayo wengi wetu tunaoishi Uingereza tumeionja kabla ya kuisoma: Jedwali la 7 la Sheria ya Ugaidi ya mwaka 2000.

Jedwali hili linampa ofisa mamlaka ya kumsimamisha msafiri uwanja wa ndege au bandarini, amhoji na kumpekua, ili aone kama anaonekana kuhusika na ugaidi. Wala si lazima awe anamshuku. Hapo ndipo penye uzito wote. Ukituhumiwa, unaikanusha tuhuma. Usipotuhumiwa, utakanusha nini? Na kunyamaza huruhusiwi: ukikataa kwa makusudi kujibu, unaweza kufungwa hadi miezi 3.

Simu ndiyo inayoumiza zaidi. Fikirieni mama anayerudi kutoka harusini Mombasa. Simuni mna picha za wanawake wa ukoo bila buibui, mna sauti za mashangazi wakigombana juu ya mahari. Ofisa anaweza kuvinakili vyote. Mama yule akishaachiwa, halalamiki popote. Anafuta picha, anajitoa kwenye kundi la familia, na safari ijayo anamwacha kijana wake mwenye ndevu nyumbani, eti asije akawaponza.

Takwimu za serikali hazimwoni kijana huyo. Zinahesabu waliosimamishwa: walizidi 60,000 mwaka 2011/12, kisha wakapungua sana, na hilo ni jema. Aliyeghairi kwenda kumzika babake kwa kuogopa mahojiano, nani anamhesabu?

Mwaka 2014 Bunge lilipunguza muda wa juu wa kumzuia mtu kutoka saa 9 hadi 6. Mwaka 2019, katika kesi ya Beghal, mwanamke aliyesimamishwa uwanja wa ndege mwaka 2011, Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu ikaamua kwamba mamlaka hayo, jinsi yalivyokuwa mwaka 2011, yalikiuka haki ya faragha. Saa zimepungua, lakini kusimamishwa bila kushukiwa kungalipo, na mimi sikubaliani nako.

Basi shikeni hili: hawawezi kuendelea kukuhoji kupita saa moja bila kukuweka kizuizini rasmi. Wakikuweka, una haki ya wakili na ya jamaa yako kuarifiwa. Viombeni vyote viwili, kwa sauti, hata kama mmechoka na safari.

Baada ya maswali, waliowahi kusimamishwa wabaki. Tutaandika malalamiko yao pamoja.